Usimwambie Daktari Wewe ni Mkulima

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari za saa hizi. Najua leo Jumamosi kuna watu wameacha saiti ili waje hapa kwahiyo sitawachosha. Mi ni nesi mstaafu, miaka mingi nimekaa wodi ya kifua, na niliomba niongee na mafundi wenyewe maana hili jambo mnalishika nyie kwa mikono.

Nianze na mjomba wangu. Alikuwa fundi wa mapaa, enzi zile maghala na nyumba nyingi za serikali zinaezekwa yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi makubwa, wengine mnayaita mabati ya simenti. Ile ndo asbesto. Ukitaka kupitisha msumari lazima utoboe kwanza na drili, na ukitaka kupunguza unakata kwa msumeno, basi vumbi lote linamrudia usoni. Akija jioni nyusi nyeupe, kope nyeupe, sisi watoto tunamkimbilia tunamwambia mjomba leo umezeeka, na mkewe anachukua ovaroli anaikung'uta pale uani kabla hajailoweka, pa! pa! na lile vumbi unaliona linaelea kwenye jua la jioni, zuri kabisa, kama unga wa mahindi.

Akastaafu, akarudi kijijini, akawa na mihogo yake na mbuzi. Imepita miaka zaidi ya 30 tangu ashike bati la mwisho ndo kifua kikaanza kubana upande mmoja. Wakamvuta maji kifuani, yakajaa tena. Akaanzishiwa dawa za TB miezi 6, akameza zote hakuruka hata siku moja, hali ileile, anakonda tu. Sasa kwenye faili lake, pale kwenye kazi ya mgonjwa, imeandikwa MKULIMA. Aliulizwa mzee unafanya kazi gani, akajibu mkulima, na hakudanganya, alikuwa mkulima kweli. Na mimi nesi wa kifua nililisoma lile faili nikalirudisha mezani wala sikuzikumbuka zile nyusi nyeupe. Inaniuma mpaka leo. Alipokuja kuchukuliwa kinyama kikapimwa ndo ikajulikana, mesotelioma, yaani kansa ya ule utando unaofunika mapafu. Hakumaliza mwaka.

Sasa msidhani mjomba wangu ndo wa kwanza kuchanganywa na mtu wa TB. Twendeni Afrika Kusini, Northern Cape, kuna mji unaitwa Prieska kando ya mto Orange. Huko ndo ilichimbwa asbesto ya bluu kwa miaka mingi, na kampuni kubwa ilikuwa Cape, ya Uingereza, ilianzishwa 1893. Wanaume wanapasua mwamba, wanawake wanakaa chini na nyundo wanagonga jiwe mpaka nyuzi zitoke, mtoto mgongoni au anacheza palepale kwenye lundo. Wanawake wengi majina yao hayakuwa hata kwenye vitabu vya kampuni, malipo yanaandikwa kwa jina la mume. Na kwenye mgodi mwingine wa kampuni hiyohiyo, Penge, daktari mmoja anaitwa Gerrit Schepers alieleza alichokiona mwishoni mwa miaka ya 1940, watoto wamewekwa ndani ya magunia makubwa wanakanyaga asbesto ishuke, inawamwagikia kichwani kutwa nzima, na msimamizi kasimama na mjeledi. Mi kila nikifika hapo sauti inanikauka.

Basi mji wa Kimberley kulikuwa na hospitali ya TB, na daktari wake Sleggs akagundua kitu. Wagonjwa wanaotoka upande wa mashariki wanapewa dawa wanapona, wanaotoka magharibi, upande wa migodi ya asbesto, dawa haziwasaidii. Akashirikiana na Wagner, mtaalamu wa kuchunguza vinyama na maiti, pamoja na daktari wa upasuaji Marchand, wakaanza kuuliza kila mgonjwa na kila familia, umezaliwa wapi, umekulia wapi, umefanya kazi wapi. Mwaka 1960 wakachapisha, wagonjwa 33 wa kansa hii iliyokuwa haionekani sana, na 32 kati yao walionekana wamepitia kwenye asbesto. Na wengine hawajawahi kuajiriwa mgodini, walikuwa tu watoto waliokulia jirani. Yaani ugunduzi ule mkubwa hivyo ulitoka kwenye swali dogo la ulikuwa wapi zamani.

Niwaeleze inavyofanya kazi. Asbesto ni jiwe, ila ni jiwe linalochambulika kama singa za katani, na kila singa ukiichana inatoa singa nyingine nyembamba zaidi, mpaka jicho haliioni. Inakaa hewani masaa. Ukiivuta inashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu, mwili unatuma askari wake waimeze, sasa uzi ni mrefu kuliko askari, wanashindwa, wanafia palepale, wanakuja wengine, nao wanakufa. Ni kama kidonda kinachotoneshwa kila siku miaka 20, 30, 40, wengine hata 50, mwisho chembe hai za mwili zinaharibika zinakuwa kansa. Ndo maana siku unayovuta huhisi chochote, haikereketi kama pilipili, haiwashi, na huo ndo ubaya wake. Iwe ya bluu, ya kahawia au nyeupe, zote zinaleta kansa, msidanganywe na mtu kwamba nyeupe haina neno.

Na sio mesotelioma peke yake. Kuna mapafu kukakamaa, inaitwa asbestosisi, mtu anakosa pumzi taratibu mpaka kuvaa viatu ni kazi. Kuna kansa yenyewe ya mapafu, na koo, na kina mama kansa ya ovari. Wavutaji sigara mnisikilize hapa: Selikoff na wenzake Marekani walifuatilia wafanyakazi wa asbesto, 1979 wakatoa hesabu, aliyefanya kazi na asbesto bila sigara hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu ilikuwa kama mara 5 ya mtu asiyeshika asbesto wala kuvuta, mvuta sigara asiyeshika asbesto kama mara 11, aliyekuwa na vyote viwili zaidi ya mara 50. Kwahiyo kama ulishalivuta vumbi zamani huwezi kulitoa, ila sigara unaweza kuiacha kuanzia leo, na inasaidia kweli.

Ile ovaroli ya mjomba pia nisiisahau. London 1965 walichunguza wagonjwa wa mesotelioma, wengine hawakufanya kazi ya asbesto kabisa, walikuwa ndugu wa wafanyakazi, kina mama waliofua nguo za waume zao, na wengine waliishi tu karibu na kiwanda. Hivyo nguo za kazi ziachwe kazini, au zilowekwe bila kukung'utwa, na usimbebe mtoto kabla hujaoga.

Mafundi paa, likiwa zima halijapasuka liache, halimdhuru mtu likiwa limetulia. Shida ni kukata, kutoboa, kuvunja. Ukilazimika kulitoa, limwagie maji lilowe, fungua misumari shusha bati zima, usilitupe chini, weka kwenye nailoni nene, funga, peleka panaporuhusiwa. Grainda hapana kabisa. Ufagio mkavu hapana. Kitambaa cha puani hakizuii kitu, zile nyuzi zinapita kama samaki wadogo kwenye wavu wa papa, inatakiwa maski maalum ya vumbi laini, inayobana uso. Na vile vipande msivipeleke nyumbani kujazia matope mlangoni au kujengea banda la kuku, watoto watavivunja. Wa gareji na nyie, breki na klachi za zamani zilikuwa na asbesto, sasa lile vumbi la kwenye ngoma ya breki usilipulize na kompresa, futa na kitambaa kilicholowa.

Kenya wameikataza tangu 2006, Afrika Kusini yenyewe iliyokuwa inachimba ikapiga marufuku 2008, lakini mapaa ya zamani bado yapo juu ya vichwa vya watu na nyie ndo mtaitwa kuyashusha.

Sasa kuhusu haki. Wale watu wa Prieska na Penge walienda kuishtaki Cape hukohuko Uingereza, na mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa kule ikakubali kesi isikilizwe. 2003 wakalipwa pauni milioni 7.5, walalamikaji walikuwa kama 7,500, gawanyeni wenyewe muone kila mtu alipata nini, na wengi walishafariki kesi ikiendelea. Hapa kwetu Tanzania tuna sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008 na mfuko wa kulipa hiyo fidia, WCF, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo, ila fidia inataka uthibitisho, na kibarua wa siku tatu hapa siku tano pale nani atamthibitisha? Mjomba hakuacha hata karatasi moja. Mkewe alibaki anajua tu kwamba "alikuwa anaezeka".

Ndo maana nimekuja na haya madaftari, kila mtu achukue moja, na kalamu zipo hapo mezani. Wazee msioona vizuri kaeni na kijana awaandikie. Ukurasa wa kwanza jina na mwaka wa kuzaliwa. Ukurasa wa pili mwaka ulioshika kazi ya kwanza, mji gani, jengo gani, tajiri alikuwa nani, mlikuwa na nani, na mlishika nini, mabati, mabomba, boila, breki. Usiogope kama hukumbuki mwezi. Hili daftari linaenda na wewe kila ukienda hospitali kwa ajili ya kifua, na akikuuliza daktari unafanya kazi gani unamfungulia hapa. Haya, tuanze, mzee wewe wa kofia, mwaka gani ulipanda paa mara ya kwanza?