Daladala ya Chekechea

NEEMA: Mwangaluka wasikilizaji! Leo tuna mambo matatu ya kuwafundisha watoto wadogo kushika mapigo na kuimba, nimeyaandika kabisa, la kwanza…

KULWA: Weka karatasi chini Mwalimu, simulia ya Jumanne.

NEEMA: (anacheka) Haya. Si nikapanga viti darasani kama Hiace ya Igoma, mmoja dereva, mmoja konda anagonga benchi, tu, tu, tu, tu, bila kukimbia, abiria wanapiga mapaja huku wanaimba. Konda akiacha, wote mikono juu, kimya.

KULWA: Kwa nini mapaja, si makofi?

NEEMA: Ukimwambia wa miaka minne apige makofi anafuata maneno, ukiimba “samaki” anapiga matatu, sa-ma-ki, mapigo yenyewe yanampotea. Mapaja kwa mikono miwili, au kukanyaga chini, hapo mwili wote unashika.

KULWA: Sawa. Ila konda gani wa Mwanza anagonga bodi kwa utaratibu hivyo? Konda anagonga gari liondoke, kisha anadai nauli.

NEEMA: Wakadai! Wakalipana vizibo vya soda, mmoja akakomaa anataka chenji yake, mwingine anapiga kelele “shusha Nyakato” eti ana ndoo ya dagaa…

KULWA: Trafiki je?

NEEMA: Alikuwepo bwana, katokea mlangoni anapiga filimbi kwa mdomo, gari likasimama.

KULWA: Akapewa kizibo.

NEEMA: Hilo mimi sijasema!

KULWA: Mwalimu, na wimbo?

NEEMA: Wimbo… uliishia Nyakato.

KULWA: Ndo hapo sasa. Mchezo umemeza muziki. Kwenye bugobogobo, ile ngoma yetu ya Kisukuma ya kucheza na majembe, ngoma inalia, majembe yanapanda yanashuka pamoja, mtoto yuko pembeni anaiga mpaka anaingia. Ngoma haimsubiri mtu.

NEEMA: Mwendo wa mtoto mdogo una kasi kuliko wako, ukimpa ngoma yako ya taratibu anayumba. Mi naanza na mwendo wake, nagonga anavyotembea yeye, halafu namvuta kidogokidogo.

KULWA: Utamvuta lini? Yuko la tatu bado unamfuata nyuma.

NEEMA: Na nyie waimbaji wa besi, wa sauti nzito, mnaanzisha wimbo chini kule shimoni, sauti za watoto ziko juu, wafanyeje kama si kunguruma?

KULWA: Usihamishe mada.

NEEMA: Ndo mada! Wanaofuata njia ya kufundisha kuimba ya Zoltán Kodály, yule mtunzi wa muziki wa kule Hungaria, wanaanzia noti mbili tu, so na mi, kama mtu anavyoita mwenzake kwa mbali. Konda wangu akiita “Igo-ma! Igo-ma!” zinatoka zenyewe. Kwa hiyo kuimba kulikuwepo.

KULWA: Hizo kelele za stendi, dada.

NEEMA: We hukuwepo.

KULWA: Wimbo haukuisha, umesema mwenyewe.

NEEMA: Kwani lazima uishe?

KULWA: Ee, lazima!

(kimya)

NEEMA: …Kwaya wameshafika nje, chumba wanakitaka. Yale matatu?

KULWA: La kwanza lenyewe hujalisema. Siku moja walete hao watoto Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, wakaone ngoma zenyewe.

NEEMA: Nitawaleta, tuone nani atamfuata nani.

KULWA: Ngoma haimfuati mtu, mimi nimeshasema.

NEEMA: Kulwa, zima maiki.