Kilele cha Grafu na Nishati ya Kubanduka

Waheshimiwa walimu na wanafunzi, kipimo ninachotaka tukichunguze leo ni cha kupasha joto fuwele ya platini iliyobeba kaboni monoksidi, huku spektrometa ya tungamo, yaani kifaa kinachotambua molekuli kwa tungamo lake, ikifuatilia molekuli zinazobanduka, yaani zinazoachana na uso wa fuwele.

Kazi hii hufanyika katika ombwe la takriban milibari 10⁻¹⁰, kwani katika kanieneo ya milibari 10⁻⁶ gesi zilizobaki zinaweza kuufunika uso safi kwa sekunde chache tu. Halijoto ikipandishwa kwa kasi isiyobadilika, grafu ya ubandukaji hupanda hadi kileleni, kisha hushuka kwa kuwa molekuli zilizosalia usoni zimepungua.

Mwaka 1962 mwanafizikia P. A. Redhead alionyesha namna ya kukokotoa nishati ya kubanduka, yaani ile inayohitajika ili molekuli iachane na uso, kutokana na halijoto ya kilele hicho. Tuseme kilele kiko kwenye kelvini 450, na kasi ya kupasha joto ni kelvini 2 kwa sekunde. Tukichukulia kwamba molekuli hujaribu kuchomoka mara 10¹³ kwa sekunde, kama ilivyo desturi, tunapata takriban kilojuli 119 kwa moli. Tukichukulia 10¹⁵, tunapata takriban 136. Grafu ni ileile, na halijoto ni ileile! Kwa hiyo namsihi kila anayechapisha nishati ya namna hii aeleze ametumia thamani ipi, na bora zaidi arudie kipimo kwa kasi zinazotofautiana sana, ili thamani hiyo itokane na data badala ya mazoea.

Mwenendo wa kilele nao unahitaji tahadhari. Atomi za haidrojeni hulazimika kukutana na kuungana mbilimbili kabla ya kuondoka, hivyo uso ukijaa zaidi kilele husogea kwenye halijoto ya chini. Lakini molekuli za kaboni monoksidi, ambazo huondoka moja moja, husukumana zikibanana, na msukumano huo pia hukishusha kilele. Kusogea kwa kilele peke yake hakuthibitishi kwamba atomi zinaungana kabla ya kuondoka.

Lipo pia tatizo la nyaya za metali ya tantali zinazoishikilia fuwele, ambazo nazo hupata joto na kutoa gesi yake. Mwaka 1980 watafiti Feulner na Menzel walieleza suluhisho ninalolipenda kwa wepesi wake: spektrometa hufunikwa kwa kikombe chenye tundu dogo, na uso wa fuwele husogezwa karibu kabisa na tundu hilo, ili gesi inayoingia iwe karibu yote ya uso wenyewe.