Kabla Hujavaa Sare: Kazi za Ndani ya Vituo vya Kuzuilia Wahamiaji Uingereza

(Mhadhara uliotolewa Croydon, mbele ya Waswahili wa kusini mwa London. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Vijana mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele, njooni mkae, simwiti mtu ubaoni.

Mwenyekiti aliponipigia simu alinitaka niongelee kazi moja hasa: ya uafisa katika vituo vya kuzuilia wahamiaji pale Gatwick. Anasema vijana kadhaa wamemfuata na tangazo la kazi kwenye simu, wanataka ushauri. Tangazo nimeliona. Mtu anatabasamu, sare imenyooka, redio begani. Uzoefu si lazima, mafunzo unalipwa, pensheni ipo. Kwa mtu aliyebeba boksi usiku miaka nenda rudi, au anayezunguka nyumba za wazee kwa mkataba usiomhakikishia hata saa moja ya kazi, tangazo kama hilo lazima alisome mara mbili. Sitamcheka. Kodi ya nyumba Croydon tunaijua wote.

Mimi ni mkalimani. Vituo hivyo nimevifanyia kazi kwa simu na kwa kuingia mlangoni, na nyaraka za uchunguzi wake nimezisoma kwa sababu baadhi ya watu ninaowatafsiria wameyapitia yaliyoandikwa humo. Kwa hiyo sitakuambia nenda wala usiende. Nitakuambia jambo la kuuliza kabla hujajaza fomu: kampuni inayokuajiri inalipwa kwa kitu gani, na inakatwa fedha kwa kosa gani? Tabia ya mtu kazini hukua au huoza kufuatana na jibu la swali hilo, hata kama kwenu mlilelewa vizuri.

Tuelewane kwanza ni mahali gani. Si jela. Aliyemo hakuwekwa humo kwa hukumu ya mahakama. Afisa wa Home Office, yaani Wizara ya Mambo ya Ndani, jengo lao mnalijua, Lunar House liko hapo barabarani, anatoa karatasi inayoitwa IS91, na mtu anazuiliwa. Sheria ya Uingereza haijaweka kikomo cha siku. Wengine hutoka ndani ya wiki, wengine hukaa miezi, na wapo waliopitisha mwaka. Gatwick kuna Brook House na Tinsley House, chini ya kampuni ya Serco. Heathrow kuna Harmondsworth na Colnbrook, chini ya kampuni ya Mitie. Vipo pia Yarl's Wood, Derwentside, na Dungavel huko Scotland. Serikali ndiyo inayozuia, kampuni ndiyo inayolinda.

Sasa kazi yenyewe. Cheo kinaitwa DCO, yaani afisa wa ulinzi wa waliozuiliwa. Wale wenye beji ya SIA, ile leseni ya walinzi wa kusimama milangoni, haiwasaidii hapa. Unahitaji cheti cha Home Office chini ya sheria ya mwaka 1999, na kabla ya hapo wanachimba historia yako, ulikoishi, ulikofanya kazi, kila pengo uliloacha. Cheti hicho kinakupa mamlaka ya kupekua mtu, kumzuia asitoroke, na kutumia nguvu. Hapo ndipo hukumu yangu inapoanzia: unapewa mamlaka yanayokaribia ya polisi baada ya mafunzo ya wiki kadhaa.

Siku ni ndefu, zamu ya saa 12 na zaidi. Unahesabu watu, unafungua milango, unapeleka mtu kwa daktari, unampokea aliyeletwa usiku wa manane kutoka kituo cha polisi. Unajibu maswali mia: simu yangu yenye kamera mmeiweka wapi, faksi ya wakili imefika, chakula hiki ni halali? Kuna kazi moja watu hawaifikirii. Mtu anapohofiwa kujidhuru, afisa anawekwa mlangoni pake amtazame bila kuondoa macho. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, unaandika: amelala, amegeukia ukutani, amekataa chai, ameuliza saa. Anaenda msalani nyuma ya pazia, nawe upo. Baada ya saa kadhaa anakuuliza, "Bosi, nitatoka lini?" Hujui. Hata meneja wako hajui. Mafunzo yoyote hayawezi kukupa jibu hilo, kwa sababu sheria haina.

Brook House ilifunguliwa mwaka 2009, karibu kabisa na njia ya kurukia ndege, ikajengwa kwa kiwango cha jela yenye ulinzi mkali huku ikikusudiwa watu wa kukaa saa 72 tu. Madirisha hayafunguki. Mwaka 2017 vyumba kadhaa vya watu wawili viliongezwa kitanda cha tatu. Usiku watu hufungiwa mpaka asubuhi. Katika hali hiyo aliingia kijana wa Kiingereza, Callum Tulley, aliyeajiriwa akiwa na miaka 18. Alichokiona kilimshinda, akawafuata BBC, akavaa kamera ya siri, na Septemba 2017 nchi nzima ikaona kwenye kipindi chao cha Panorama: maafisa wakitukana, wakidhihaki watu waliotaka kujiua, na mmoja akiwa ameweka mikono shingoni mwa mtu aliyelala sakafuni.

Ukafuata uchunguzi wa umma chini ya Kate Eves. Ripoti ilitoka Septemba 2023. Kwa miezi mitano tu, Aprili hadi Agosti 2017, ilikuta matukio 19 ambayo kuna ushahidi wa kuaminika kwamba yanaweza kuvunja Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kile kinachokataza mateso na udhalilishaji. Mapendekezo yalikuwa 33. Moja lilitaka mtu asizuiliwe zaidi ya siku 28. Serikali ililikataa.

Wengi waliishia kwenye video na kusema wale walikuwa watu wabaya. Wapo waliokuwa wabaya, sitawatetea. Lakini someni ushahidi wa maafisa wa kawaida, ambao hawakumpiga mtu. Bawa, yaani sehemu moja ya jengo, lina watu mia na zaidi, maafisa wawili, wakati mwingine mmoja kaitwa kwingine. Spice, yale madawa ya kulevya, imejaa, mtu anaanguka hapa, mwingine kule. Afisa mpya anajifunza kwa afisa aliyekata tamaa, na anayeripoti anaitwa msaliti. Mwema anaacha kazi. Anayebaki ni yule asiye na pa kwenda, au aliyezoea.

Turudi kwenye swali langu la fedha. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilitoa ripoti mwaka 2019. G4S, waliokuwa wakiendesha Brook House wakati ule, walipata faida ghafi ya pauni milioni 14.3 kati ya 2012 na 2018. Na kwa yale yaliyoonekana kwenye Panorama, fedha walizokatwa hazikufika pauni 3,000. Si kwamba kuna mtu aliyeficha mahesabu. Mkataba haukuandikwa kupima jambo la namna hiyo. Ulipima mtu akitoroka, ulipima ripoti ikichelewa. Matusi yaliyomwagwa mlangoni mwa mtu anayelia hayakuwa na mstari wao kwenye jedwali.

Kuna kisa cha zamani zaidi, na jina lake likitajwa humu ukumbini kila mtu hugeuka, kwa kuwa linafanana na majina ya kwetu: Jimmy Mubenga, Mwangola, baba wa watoto watano. Oktoba 2010 alikuwa anarudishwa Luanda kwa ndege kutoka Heathrow. Walinzi watatu wa G4S walimbana kwenye kiti, abiria walimsikia akisema hawezi kupumua, akafa kabla ndege haijaruka. Jopo la uchunguzi wa kifo mwaka 2013 lilisema aliuawa kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachia walinzi wote watatu. Katika ripoti aliyoiandika baada ya uamuzi wa jopo lile la 2013, Karon Monaghan, aliyeongoza uchunguzi huo wa kifo, aligusia namna walinzi walivyolipwa: walikuwa na sababu ya kifedha ya kutaka safari ikamilike. Safari ikivunjika, saa zako za malipo zinapungua. Kijana wangu, ukiitwa kwenye usaili wa kusindikiza watu kwenye ndege, uliza hilo waziwazi: safari ikiahirishwa kwa sababu mtu anaumwa, nalipwa saa zangu zote?

Sijamaliza kuhusu mishahara. Humo ndani kuna wafanyakazi wengine, nao ni wale waliozuiliwa. Wanafua, wanadeki, wanagawa chakula, wananyoa wenzao, wanapaka rangi. Malipo ni pauni 1 kwa saa. Kazi maalumu, 1.25. Kima cha chini cha mshahara nje, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21. Hili si wizi wa meneja fulani. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2006 likawatoa watu hawa kwenye kima cha chini. Wanaotetea wanasema ni shughuli ya kupoteza muda, hakuna anayelazimishwa. Haya. Mimi nimemtafsiria mtu aliyekuwa akideki ukumbi ule ule ambao kampuni ya usafi ingelipwa kuudeki, na aliitaka kazi ile kwa sababu bila hiyo hana vocha ya kumpigia mkewe. Mtu huyo huyo nje alikatazwa kufanya kazi yoyote. Ukimkuta anaosha vyombo hotelini, ni kosa la jinai. Ndani anaosha vyombo vya serikali kwa pauni moja na ni halali. Sheria hii kila nikiieleza kwa Kiswahili, mtu ananiuliza kama nimekosea kutafsiri.

Sasa kazi nyingine, maana jengo lile si la maafisa peke yao.

Dada zangu wauguzi, ninyi ni wengi, kwa hiyo sikilizeni. Kituo kina zahanati, na malipo ya wakala yanaweza kuwa mazuri kuliko wodini. Kuna kanuni inaitwa Kanuni ya 35: daktari anapoona kwamba kuzuiliwa kunamdhuru mtu, au mtu alishateswa huko alikotoka, au anafikiria kujiua, anatakiwa kuandika taarifa kwa Home Office. Uchunguzi wa Brook House ulikuta kinga hiyo haifanyi kazi inavyopaswa. Tena, nguvu inapopangwa kutumika, muuguzi anatakiwa awepo, si kama shahidi wa harusi. Kazi yake ni kusema acheni, mtu huyu hapumui. PIN yako, ile namba ya usajili wa uuguzi, iko mkononi mwako wewe, si mwa kampuni. Ukiandika kwenye faili "hali nzuri" wakati umeona shingo imebanwa, jina lako ndilo litakalosomwa.

Ukalimani. Kiswahili chetu kinahitajika, na mara nyingi anayepewa kazi ni mtu asiyejua kwamba Kiswahili cha Bukavu si cha Unguja. Kesi ya dhamana inasikilizwa kwa video. Wakili anapewa dakika 10 kuongea na mteja kabla hakimu hajaingia, na mkalimani yumo ndani ya dakika hizo. Mkongomani akisema neno usilolielewa, uliza. Usibahatishe. Malipo, tuseme ukweli, ni madogo na yanashuka.

Ushauri wa sheria. Hapa tuna ugonjwa wetu wenyewe. Kila mtaa una mzee anayejua "kupanga makaratasi". Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Mamlaka inayosajili zamani ilikuwa OISC, tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Zipo ngazi tatu. Ya kwanza haikuruhusu kumsimamia mtu mbele ya hakimu, ya tatu ndiyo. Mtu aliyezuiliwa ana haki ya kuonana na wakili wa zamu nusu saa bure, na nusu saa hiyo ikikutana na wakili anayejua Kongo, au anayejua kwa nini mtu wa Lamu anaweza kunyimwa kitambulisho nchini kwake, mambo hubadilika. Kijana mwenye kichwa cha kusoma, ngazi hizo tatu ndizo ningekusukumia kabla ya sare. Upungufu mkubwa uko hapo.

Na ipo kazi isiyolipwa kabisa lakini yenye funguo: Bodi Huru ya Ufuatiliaji, IMB. Raia wa kawaida, wanapita popote kituoni bila kupiga hodi, wanaongea na yeyote, wanaandika ripoti kwa waziri. Wengi ni wastaafu wa Kiingereza. Nyuso kama zetu ni chache. Wazee mliostaafu reli na posta, sikuwatazama kwa bahati mbaya.

Mama pale mbele ameinua mkono muda mrefu. Anauliza: mwanangu ameshapita usaili, anaanza mafunzo mwezi ujao, nimkataze?

Mama, usimkatazie kazi mtu mzima. Mwambie aulize mambo matatu wiki ya kwanza: usiku kwenye bawa tutakuwa wangapi kwa watu wangapi, nikiona mwenzangu anampiga mtu nampelekea nani asiyekuwa meneja wake, na aliyeripoti mwaka jana yuko wapi sasa. Kisha aandike kwenye daftari lake, nyumbani, tarehe na saa, kila siku anayotumia nguvu. Tulley alisikilizwa kwa sababu alikuwa na kamera. Wapo waliosema kabla yake bila karatasi wala picha.

Swali la pili: kazi hizi zitaendelea kuwepo? Zitakuwepo. Campsfield, karibu na Oxford, kilifungwa 2018. Serikali ya chama cha Conservative ikaamua kukifungua upya, chama cha Labour kikaingia madarakani kikaendeleza. Matangazo yatazidi kuja kwenye simu zenu. Haya, nani mwingine? Kijana mwenye kofia, wewe ndiye uliyeleta tangazo, sema.