Makovu Mawili Yanayofanana

Walimu wangu, shikamooni. Madaktari wanafunzi na wauguzi, asanteni kwa kufika na upepo huu wa Dodoma.

Fikirieni wagonjwa wawili wasioweza kuachama: wa kwanza ana kovu la chini ya ngozi laini ya kinywa (oral submucous fibrosis), wa pili ana skleroderma, ugonjwa wa kukakamaa ngozi. Mtu mzima kwa kawaida hufungua kinywa milimita 35 hadi 50. Hawa hata vidole viwili havipiti. Ukikata kipande kidogo cha nyama ukakitazama kwenye hadubini, kwa wote utaona kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazojenga kovu, nene na iliyobanana. Kichocheo cha TGF-beta ndicho kinachoziamrisha seli kuifuma, huku na huku. Ninachowaomba leo ni tusiishie kwenye kolajeni. Tuulize imeanzia wapi.

Wa kwanza anatafuna popoo. Arekolini, kemikali ya popoo, huziamsha seli zinazofuma kolajeni, shaba iliyomo humo huongeza kimeng'enya kinachozikaza nyuzi, na tanini, kemikali nyingine ya popoo, huzifanya zisivunjike. Zinaongezeka, haziondoki. Vaa glavu, pitisha kidole ndani ya shavu: utakuta mikanda migumu iliyosimama wima. Ngozi laini ya kinywa imekonda na kupauka, na mchuzi wenye pilipili kidogo tu unamuunguza. Mwaka 1952 hali hii ilielezwa kwa wanawake watano wa asili ya Kihindi waliokuwa Kenya, hapa jirani tu. Akiacha popoo, ugonjwa unaweza kutulia, ila kovu halirudi nyuma. Inaniuma kuona popoo ikiuzwa kama pipi.

Wa pili, yule wa skleroderma, huenda hajawahi kutia popoo kinywani. Kwake huanza mishipa midogo ya damu: ukuta wake wa ndani unaumia, kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, ndipo kolajeni inafuata. Mwulizeni kuhusu asubuhi za baridi za Juni na Julai. Atawaambia vidole vinakuwa vyeupe, vinageuka bluu, halafu vinawaka wekundu. Ndani ya mashavu hakuna mikanda ile. Kinachobana ni ngozi inayozunguka midomo. Eksrei yaweza kuonyesha nafasi kando ya mizizi ya meno imepanuka, na meno yenyewe hayachezi.

Wa kwanza mwangalieni kinywa kila anaporudi, kwa sababu ngozi ile iliyokonda inaweza kugeuka saratani. Wa pili msikilizeni mapafu na mpimeni presha, tena msikimbilie dozi kubwa ya prednisoloni, dawa ya steroidi: figo zake zinaweza kufeli ghafla.