Chumvi, Ndimu na Glasi Mbili: Mhadhara kwa Wanaoanza Kuonja Mvinyo

Karibuni nyote. Mbele ya kila mmoja wenu kuna glasi mbili, mvinyo mweupe kushoto na mwekundu kulia, mililita 50 kila moja. Pembeni kuna kipande cha ndimu, chumvi, kijiko cha sukari, kikombe cha chai ya rangi iliyokolea na kupoa, na bakuli la kutemea. Msionje kwanza. Leo tushike jambo moja: chakula huubadilisha mvinyo mdomoni kuliko mvinyo unavyokibadilisha chakula. Ukilielewa hilo, huna haja ya kukariri orodha za kipi kiende na kipi.

Shikeni glasi kwenye shina, maana kiganja hupasha mvinyo joto haraka. Glasi ya kuonjea ina tumbo pana na mdomo uliobana, na haijazwi kupita theluthi moja. Nafasi inayobaki ni ya harufu. Iinamisheni juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo mweupe ukizeeka huelekea dhahabu, kisha kahawia; mwekundu hupauka ukingoni, ukawa na rangi ya tofali. Lakini rangi msiiamini kupita kiasi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limeshaiambia pua la kusema.

Sasa nuseni, pumzi mbili fupi, kabla ya kutikisa. Kisha acheni glasi mezani, izungusheni mara tatu nne, mnuse tena: harufu zilizojificha hupanda. Msinuse mfululizo, pua huchoka upesi. Ikichoka, nusa mkono wa shati lako. Aliyejipulizia manukato leo anawaharibia na jirani zake, na aliyetoka kupiga mswaki ataona kila kitu kichachu na kichungu. Msihangaike na majina makubwa. Jiulizeni tu: hapa kuna tunda? Ni la jamii ya ndimu, pichi, au cheri? Ni bichi, limeiva, au limepikwa? Kuna ua, kuna viungo? Vanila na moshi mara nyingi hutoka kwenye pipa la mwaloni, si kwenye zabibu.

Mkikutana na harufu ya kadibodi iliyolowa au chumba chenye ukungu, huo ni ugonjwa wa kizibo, unaoletwa na kemikali iitwayo TCA. Haudhuru mwili, lakini hauondoki hata chupa ikiachwa wazi. Rudisheni chupa. Vipande vya kizibo vinavyoelea ni jambo jingine kabisa, na vifuwele vinavyong'aa chini ya chupa ni chumvi za asidi ya tartariki, havina madhara.

Pigeni funda dogo la mvinyo mweupe. Usambazeni mdomo mzima, vuteni hewa kidogo kati ya midomo, hesabuni hadi nane, kisha temeni. Kutema si utovu wa adabu hapa. Anayemeza sampuli sita za mililita 50 amekunywa mililita 300, yaani asilimia 40 ya chupa ya mililita 750, na ulimi wake hauaminiki tena.

Mate yamejaa mdomoni? Huo ni uchachu. Koo limepata moto? Hiyo ni alkoholi. Sasa onjeni mwekundu, halafu chai. Ule mkwaruzo kwenye fizi ni ukakasi, uleule wa ndizi isiyoiva. Tanini, iliyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye majani ya chai, hushikana na protini za mate. Mate yakapoteza utelezi. Wengi huuita ukakasi uchungu, wakakosea. Uchungu ni ladha, ukakasi unaguswa.

Sasa jaribio lenyewe, na ningependa mlifanye polepole. Onjeni mweupe mkumbuke uchachu wake. Lambeni ndimu yenye chumvi, kisha onjeni tena. Mmeona? Mvinyo umelainika, tunda limejitokeza, kana kwamba umetiwa utamu. Suuzeni mdomo kwa maji. Wekeni sukari ulimini, mwonje mara ya tatu. Umekuwa mkali na mwembamba, tunda limetoweka. Glasi ni ileile. Ulimi uliozoea uchachu hauoni uchachu wa mvinyo, na uliozoea utamu hauoni utamu wake. Rudieni kwa mwekundu, mkitumia chumvi peke yake: uchungu unapungua.

Hapo ndipo kanuni zote zinapotoka. Chakula chenye sukari kinataka mvinyo mtamu kukizidi. Ndiyo maana Champagne kavu, yaani mvinyo wa povu usio na utamu, pamoja na keki huonekana kama siki. Chakula chenye ndimu au siki kinataka mvinyo mchachu angalau kama chenyewe. Nyama yenye mafuta na chumvi huupa mvinyo wenye tanini kazi ya kufanya, kwa hiyo nyama choma na Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu wenye tanini nyingi, hupatana. Nyama hiyohiyo bila chumvi? Mvinyo unakakamaa. Mara nyingi tiba ni kuongeza chumvi kidogo kwenye sahani, si kubadilisha chupa. Pilipili huongezewa moto na alkoholi, hivyo chagueni mvinyo wenye alkoholi ndogo na utamu kidogo, kama Riesling, mvinyo mweupe, ya aina hiyo. Jibini la Roquefort lenye chumvi kali, pamoja na Sauternes, mvinyo mweupe mtamu wa Ufaransa, ni mfano ambao kila mtu anapaswa kuuonja japo mara moja.

Na samaki je? Husemwa mwekundu haufai kwa samaki, lakini si rangi inayogomba. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kuwa madini ya chuma ndani ya mvinyo ndiyo huzidisha ile shombo inayobaki mdomoni. Mwekundu mwepesi, wenye tanini kidogo, unaweza kukaa vizuri na samaki wa minofu iliyonona. Kwa chaza, kaeni na Chablis, mvinyo mweupe mkavu wa Ufaransa.

Halijoto huharibu mengi kuliko uteuzi mbaya. Wenye povu, nyuzi 6 hadi 10; mweupe, 8 hadi 12; mwekundu mzito, 16 hadi 18. Mwekundu uliokaa mezani siku ya joto hunuka alkoholi. Utieni kwenye friji dakika 20. Mweupe uliotoka sasa hivi kwenye friji hauna harufu. Usubirini dakika 15.

Kwa mazoezi, kutaneni watu sita na chupa tatu tu. Zifunikeni kwa karatasi mpaka shingoni, mkianza na nyepesi na kavu, mkimalizia na nzito au tamu. Kila mtu aandike kabla ya mtu yeyote kusema, kwa sababu wa kwanza kutamka "cheri" huwapandikizia cheri wote waliobaki. Kisha leteni ndimu na chumvi, mwonje upya, na mwandike tena kwenye karatasi ileile.