Kuotesha utando wa uyoga mamama kwenye sahani

Karibuni. Hapa ni Dodoma, saa kumi na mbili asubuhi, na saa hii nimeichagua makusudi: upepo bado haujaanza. Vumbi letu hili limebeba mbegu za ukungu, na ndilo litakalokuharibia kazi. Funga madirisha, zima feni.

Kwanza chakula cha utando, yaani zile nyuzi nyeupe ambazo uyoga huchipua kwazo. Viazi mviringo gramu 200, menya, katakata, chemsha vilainike, kisha chuja. Tunataka maji yake tu. Tia glukosi gramu 20 na aga, ule unga wa mwani unaogandisha, gramu 20, ongeza maji yafike lita 1, koroga motoni hadi aga iyeyuke. Jaza chupa nusu, legeza vifuniko, ingiza kwenye sufuria ya presha: nyuzi 121, dakika 20. Presha iache ishuke yenyewe. Ukiwa na pupa, chupa zinafurika. Zikipoa kiasi cha kushikika, mimina kwenye sahani safi za maabara, zile zenye vifuniko, na usubiri igande.

Sasa uyoga. Chukua uyoga mchanga, mgumu, usiuoshe. Pangusa meza na mikono kwa spiriti ya asilimia 70, ikauke kabisa ndipo uwashe taa ya spiriti. Usiukate kwa kisu, uchane kwa vidole kuanzia shinani. Mnaona huku ndani? Hakujaguswa na vumbi. Choma kijembe, kile kisu kidogo cha maabara, kiwe chekundu, kipoe, nyofoa kipande kama punje ya mtama pale mguu unapokutana na kofia. Inua kifuniko kidogo tu, weka, funika. Na usiongee! Sauti hii mnayoisikia nimeirekodi baadaye.

Zungushia utepe, andika tarehe, geuza sahani juu chini ili matone yasidondokee utando. Weka gizani, nyuzi 25 hivi. Chini ya bati mchana hapafai.

Hii ni siku ya tano. Hizi nyeupe kama pamba ndizo. Hii ya kijani ni ukungu, itupe bila kuifungua, wala usiinuse. Hii nyingine ina utelezi wa bakteria upande mmoja, lakini tazameni, utando umeukimbia. Sitaitupa. Nakata kipande kwenye ukingo wa mbali, nahamishia sahani mpya, na nitarudia hadi itoke safi.

Kwa wanaoulizia uyoga wa kwenye vichuguu: utando wake unaweza kuota hapa, ila usitegemee kuvuna. Ule unalelewa na mchwa. Sisi tubaki na mamama; sahani ikijaa, loweka mtama wa kuhamishia utando.