Konde hadi Vumawimbi kwa gari bila kukwama

Assalaam alaykum watazamaji. Leo tupo Pemba, kaskazini kabisa. Njia yetu inatoka Konde, inapita ndani ya msitu wa Ngezi, halafu inagawika: huku ufukwe wa Vumawimbi, huku mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Wengi mnauliza gari gani inafaa. Suzuki Escudo ya kawaida inatosha, mipira ikiwa mizima na dereva asiwe mvivu wa kushuka. RAV4 nayo inafika, ila foo wili yake, yaani mipira yote minne kuvuta, haina ile gia nzito ya mwendo mdogo, kwa hiyo kwenye mchanga mwingi usiilazimishe.

Mafuta jaza Chake au Wete. Gari ikiwa ya kukodi, soma mkataba kabla hujaondoka, maana mara nyingi mipira na uvungu wa gari havimo kwenye bima.

Haya, fungua buti tukague. Spea: ibonyeze kwa mkono, usiitazame tu. Jeki, na kipande cha ubao cha kuiwekea chini, kwa sababu jeki kwenye mchanga inazama yenyewe na gari haipandi hata inchi. Koleo dogo. Kamba ya kuvutia. Kipimo cha upepo, na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Ukikosa hiyo, chukua ya mguu, utatoka jasho lakini utafika. Maji ya kunywa sina haja ya kusema.

Lami ikiisha, punguza mwendo kabla ya gari kuanza kuruka. Njia hii ina mifereji miwili iliyochimbwa na gari za ng'ombe na mvua ya masika. Ukiona mifereji imekwenda chini sana, usiiweke gari katikati yake. Panda juu: mpira mmoja kwenye tuta la kati, mwengine kwenye ukingo wa nje. Ukiifuata mifereji yenyewe, tuta linakwangua difu, lile bonge la gia chini katikati ya ekseli, na ekzosi, na ile sauti utaisikia mpaka tumboni. Ukikutana na gari ya ng'ombe, mpishe wewe. Simama pembeni, zima honi, toa salamu. Ng'ombe akishtuka na mzigo wa kuni nyuma yake, wewe huna pa kukimbilia.

Ndani ya Ngezi pana kivuli na unyevu, na tope linachelewa kukauka hata baada ya siku kadhaa za jua. Ukikuta dimbwi, shuka na kijiti, upime kina na ugumu wa chini. Maji yakifika nusu ya mpira, rudi. Yakiwa chini ya hapo, tia gia ya kwanza, mwendo mmoja, usikanyage klachi katikati ya maji. Ukitoka upande wa pili, gusa breki mara mbili tatu zikauke. Na humu taratibu jamani: komba usiku, na mchana watu wanasimama njiani kutazama juu. Popo wa Pemba, wale wakubwa, hawapo pengine popote duniani, basi mwenye kushangaa mwacheni ashangae.

Sasa tuje kwenye upepo wa mipira, maana kwenye mchanga tutaupunguza. Usitoe mapema. Kabla ya mchanga kuna sehemu za mawe ya matumbawe, na jiwe la matumbawe lina makali. Mpira ulio laini hutoa kitambi pembeni, na pembeni ndipo unapochanika, pale pasipozibika. Kwa hiyo kwenye mawe bakisha upepo wako wa kawaida, paundi 30 hivi, tambaa, vidole gumba viwe nje ya usukani.

Mchanga mweupe ukianza, simama pagumu. Tazama hapa: natoa kifuniko, nabonyeza sindano kwa kijiti, napima. Nataka paundi 18. Mnaona mpira ulivyokaa? Sehemu inayogusa ardhi imerefuka, na ndiyo inayoibeba gari juu ya mchanga badala ya kuukata. Fanya mipira yote minne sawasawa. Tia foo wili, ile ya mwendo wa kawaida iliyoandikwa 4H, sasa hivi kabla hujaingia, si baada ya kukwama. Halafu ingia kwa mwendo ule ule, usikate kona ghafla. Ukitaka kusimama, achia mafuta gari isimame yenyewe. Breki inasukuma kilima kidogo cha mchanga mbele ya kila mpira, na ukiondoka unaanza safari kwa kupanda mlima.

Mipira ikizunguka bila gari kwenda, toa mguu hapo hapo. Kila unavyokoroga unashuka, mpaka uvungu unalala. Shuka, toa mchanga mbele na nyuma ya mipira na chini ya difu, punguza upepo mpaka 14, kisha rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Bado? Weka makuti chini ya mipira. Hata kuti lililoanguka lina mwenyewe, bisha hodi uombe. Vijana wakija kusukuma, patana nao kabla, wasimame pembeni na si nyuma ya mpira. Kamba funga kwenye ndoana ya chesisi, usifunge kwenye bampa, na watu wakae mbali nayo.

Ukifika Vumawimbi, acha gari juu chini ya minazi. Najua mnataka ile picha ya gari ufukweni. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hapa kwetu hupanda kiasi cha mita 4 kutoka kupwa hadi kujaa, na gari iliyokwama chini ya mstari wa mwani haimsubiri fundi.

Kurudi, ukishafika pagumu toa foo wili. Mawe yanakusubiri tena, kwa hiyo jaza upepo kabla yake, usingoje lami. Usukani ukitetemeka ukifika kilomita 60, usikimbilie kulaumu balansi: inama utazame ndani ya ringi, tope lililoganda humo linatosha kuutetemesha. Likwangue kwa kijiti, na ukifika nyumbani osha uvungu kwa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, chumvi isije ikala mabomba ya breki.